Muhuri Juu ya Jina la Masika

Nakumbuka siku ule ujumbe mtupu wa kwanza ulipotufikia, mwanangu. Ilikuwa saa kumi kamili za alasiri, ukungu wa Butembo umeshashuka hadi kwenye madirisha ya bureau, ofisi yetu hii, na mimi nimejifunga kitenge mabegani kwa baridi. Kompyuta ikalia. Nikafungua: jina, hakuna, simu, hakuna, habari, hakuna. Mtu alikuwa ameingia kwenye tovuti yetu, akafika hadi chini kabisa kwenye kisanduku cha kutuandikia, akatutumia ukimya. Nikaufuta, nikaendelea na chai yangu.

Usinitazame hivyo. Najua mnaniita Koko, yaani mzee, hapa kazini, na hata miaka hamsini sijafika. Ni kwa sababu wote niliofanya nao kazi wakati ule wamekwenda zao, nimebaki mimi na kabati la chuma. Sasa directeur mpya, mkuu wetu, amekupa tovuti uitengeneze upya, na asubuhi nimekuona unacheza na rangi, unafurahi peke yako. Kaa kidogo. Kuna kitu sijapenda kukisema miaka yote hii.

Wakati ule nilikuwa kijana kama wewe, ila kwa kiburi nilikushinda mbali. Shirika letu lilikuwa likitafuta watu waliopotezana katika kukimbia vita. Watu wa Mbau walikimbilia Beni, wengine wakaja huku Butembo, wengine walipanda gari la mizigo hadi Kayna, bila kujua nyuma yao kama kuna mtu aliyebaki mzima. Waliopatikana hai tuliandika majina yao kwenye orodha, na orodha ikaenda kwenye tovuti niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Mtu wa popote angefungua simu na kumkuta ndugu yake. Nilijiona mtu kweli.

Sasa sikiliza kosa. Sisi unatujua: karatasi isiyo na cachet, ule muhuri wa duara wa buluu, si karatasi, hata kama imeandikwa na malaika. Directeur wetu wa wakati ule, mzee Kakule, alikuwa ananiambia, "Kahindo, bila cachet nani ataamini? Batasema tumetunga majina." Na mimi nilikubaliana naye kabisa. Donc, basi, kila orodha tuliitoa kwenye karatasi, mzee akatia sahihi, akapiga cachet, pa! Kisha nikaipiga picha ile karatasi na kuiweka kwenye tovuti hivyo hivyo. Majina hayakuwa maandishi tena, yalikuwa sura ya karatasi. Hakuna aliyelalamika, na ile buluu ilinipendeza sana.

Kesho yake saa kumi, ujumbe mtupu mwingine. Keshokutwa, tena. Hata Jumapili, siku bureau imefungwa, Jumatatu tuliukuta unatungoja. Nikaangalia nyuma ya tovuti, pale panapoonyesha wageni wamepita wapi, nikaona mgeni huyu anakwenda moja kwa moja kwenye orodha ya majina, anakaa humo karibu saa nzima bila kufungua kitu kingine, kisha anatutumia ule utupu wake na kuondoka.

Dada wa mapokezi alipoona hivyo akaacha kuingia chumbani kwangu ikikaribia saa kumi. "Kahindo, ile si mutu," akaniambia. "Ni bale balikufa. Banakuja kuangalia kama majina yabo iko ndani."

Nilimcheka. Mais nilipobaki peke yangu sikucheka. Ikifika saa kumi kasoro dakika chache nilikuwa najikuta mikono imetulia juu ya meza, nasikiliza.

Miezi ikapita hivyo, halafu siku moja ujumbe haukuwa mtupu. Ulikuwa umeandikwa: image image image bouton image. Basi. Kesho yake ukaja wenye neno moja tu, masika, na wa siku iliyofuata: masika mbau baba yako.

Nikampigia animatrice wetu wa Mbau, mama aliyekuwa akitukusanyia habari za huko, nikamuuliza kama anamjua Masika yeyote.

"Masika wa Tata Paluku? Ule tulisha mulilia," akasema. "Matanga imeisha. Hapana maiti, mais tulimulilia. Nani anatumia jina yake?"

"Sijui. Ndiyo nauliza."

"Kuja uone wewe mwenyewe. Mimi kwa ile nyumba sipiti tena. Iko mwanamuke ndani anaongeaka, na mule hapana mwanamuke."

Nikaenda. Nilipanda gari hadi Beni, na kutoka Beni nikachukua moto, pikipiki ya abiria. Barabara ya Oicha siku ile ilikuwa tupu kwa namna nisiyoipenda, na yule wa moto hakusema neno hadi aliponishusha. Nyumba yenyewe ilikuwa kando ya barabara, migomba nyuma yake. Ilikuwa mchana, jua kali, na mlango na madirisha vyote vimefungwa. Nikasogea. Ndani nikasikia kweli mwanamke, Kifaransa chake safi, cha baridi, hakina hasira wala huruma.

"Image," akasema. Akanyamaza. "Image." Akanyamaza tena. "Bouton sans étiquette."

Nilitaka kurudi barabarani. Nikageuka, kiatu kikagonga jiwe la mlangoni.

"Ingia," sauti ya mzee ikatoka. "Naisikia viatu yako. Ule mwanamuke hapana kula batu."

Tata Paluku, baba wa Masika, alikuwa amekaa kitandani, kofia kichwani, macho yake yamefumba zamani, tangu surua ya utoto. Simu ilikuwa mapajani mwake. Ule mwanamke ilikuwa simu. Kumbe kuna sauti ndani ya simu hizi, mwanangu, mtu asiyeona akitelezesha kidole juu ya kioo inamsomea kilichoko chini ya kidole. Binti yake Masika, aliyekuwa amesoma, ndiye aliyempa simu ile na kumfundisha, akamwambia, "Baba, siku siko karibu, huyu atakusomea." Na Masika ndiye aliyepotea.

Animatrice alikuwa amewatumia watu wote anwani ya tovuti yetu. Kila siku mzee alikuwa akikongoja hadi kwenye nyumba ya kuchajia simu, anaichukua, na saa kumi anaketi kitandani kutafuta. Jirani hakuna aliyekubali kumsomea. Walimwambia mtu aliyekwisha kuliliwa hatafutwi, unamwamsha nini? Donc alibaki na ile sauti tu. Na ile sauti ilikuwa inamwambia kile nilichoiwekea mimi: picha, picha, kitufe kisicho na jina. Akibonyeza kile kitufe ili asikie ni cha nini, kumbe anatutumia ujumbe. Hata maneno yale ya mwisho, siku hizo aligusa alama ya kusemea ili simu iandike, bila kujua, simu ikajiandika yenyewe ilivyosikika, kisha ikamwandika yeye alipokuwa anamwita binti yake.

"Majina iko mule, najua," akaniambia. "Mwenye kutengeneza ile kitu, si alijua kama sisi pia tuko?"

Sikumwambia kwamba ni mimi. Nilifumba macho, nikaomba simu, nikatelezesha kidole juu ya kazi yangu niliyokuwa najivunia. Mwanangu, sikupata kitu. Nilipita ukurasa wote kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba isiyo na mlango, na yule mwanamke akaniambia, image, image, image, bila kuchoka.

Nikafumbua macho, nikafungua zile picha moja moja na kuzisoma. Katika picha ya nne, chini ya ukingo wa cachet, buluu imepita juu yake mais linasomeka vizuri, nikaona: Masika, binti wa Paluku, wa Mbau. Yuko Kayna, kwa familia iliyompokea.

Nikamsomea. Hakulia. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara ya tatu.

Ndipo akauliza, "Ile karatasi iko pale tangu lini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamdanganya. Nikasema, "Tangu juma lililopita, Tata."

Akageuza uso kunielekea kabisa. "Hapana," akasema polepole. "Mimi najua hesabu ya zile picha. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa pale siku nilianza. Ya ine ilikuja tukiwa tunapanda maharagi. Bibi yangu, yeye hakujua kusoma, alikuwa anaisha kutoka shamba, ananawa mikono. Nikamuambia, Mama Masika, leo iko picha mupya. Akasema, weka kidole vizuri, pengine utasikia." Akapapasa ukingo wa kitanda. "Maharagi tulisha vuna. Na yeye tulimuzika, juma tatu sasa."

Nilikaa nimeshika simu ya mtu, na ile sauti, kwa kuwa kidole changu kilikuwa bado juu ya kioo, ikasema tena, "Image."

Nilipiga simu kwa watu wetu wa Kayna pale pale, mlangoni mwa mzee. Masika alikuwapo. Alikuwa amengoja miezi yote hiyo, na kila alipouliza, watu wetu walimjibu kwamba jina lake liko kwenye tovuti na hakuna aliyemwulizia. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba kwao hakuna aliyebaki. Nilipomwambia baba yako anakutafuta kila siku, alipiga ukelele nikaondoa simu sikioni. Neno la mama yake halikunitoka. Nilijiambia nitamwambia akifika.

Alifika Butembo siku mbili baadaye, nikaondoka naye. Njia nzima alikuwa anasema atakavyomkuta mama yake, kama bado anamkasirikia kwa kitenge chake ambacho Masika alikimbia nacho. Nilikuwa nimeketi karibu naye, bega kwa bega, na sikumwambia. Woga ulionifanya nimdanganye mzee ulikuwa ndio huo huo.

Mbau tulishuka adhuhuri. Mwanamke wa kwanza kutuona alikuwa amebeba beseni la mihogo, likamponyoka. Hakuliokota. Akaingia nyumbani kwake na kufunga, na mlango wa pili ukafungwa, na wa tatu, hadi njia yote ikawa kimya kama siku ya kukimbia. Masika akawa anawaita kwa majina, "Mama Kavira, ni mimi! Ni mimi!" na kadiri alivyoita ndivyo walivyozidi kukomea. Walikuwa wamemlilia. Kwao, aliyekuwa anapita pale barabarani hakuwa mtu.

Mmoja tu alikuwa mlangoni. Tata Paluku alisimama akishika kizingiti, ameinua kidevu, anasikiliza hatua.

"Masika," akasema. "Unavuta muguu wa kushoto. Balikuumiza?"

Yule asiyeona ndiye pekee aliyemtambua. Binti alimwangukia kifuani, na mzee akampapasa uso wote, masikio, mabega, hata vidole akavihesabu. Mimi nilikuwa nalia kando ya migomba. Halafu Masika akachungulia ndani ya nyumba, juu ya bega la baba yake, akauliza kwa furaha, "Mama iko wapi?"

Mzee hakuniangalia, maana hakuwa na macho ya kuniangalia. Lakini nilijua jibu lile linanihusu.

"Alikutafuta hapa, akakukosa," akasema. "Akaacha kula. Akasema, kama mutoto iko kule kwa bale balikufa, iko peke yake, acha nimufuate. Alikwenda kukutafuta kule, mwanangu."

Sasa umejua. Niliporudi, niliandika orodha zote upya, jina kwa jina, maandishi ambayo ile sauti inaweza kuyasoma. Mzee Kakule aliuliza cachet itakwenda wapi. Nikamwambia itakaa chini, peke yake, imeandikiwa kwamba ni cachet, na isiguse jina la mtu tena. Hakubisha. Kisha nikampigia Tata Paluku ajaribu, na kwenye simu nikamsikia yule mwanamke anasoma majina ya watu wetu, akiyaharibu kwa matamshi yake ya Kifaransa, Kambale, Kavira, Muhindo, wote wako hai. Mzee alisikiliza hadi jina la mwisho, ingawa yeye hakuwa na mtu wa kutafuta tena. Ule ujumbe wa "masika mbau baba yako" sijaufuta. Ikifika saa kumi, hata leo, bado nageuka kuangalia kompyuta.

Donc hili ndilo neno langu kwako. Kabla hujamwonyesha directeur rangi zako, fumba macho, washa ile sauti, upite ukurasa wako wote kwa kidole. Ukipotea, watu watapotea. Jina liwe maandishi, lisiwe picha ya maandishi. Kila kitufe kiseme ni cha nini. Kila picha isemwe ina nini ndani, na wanaoongea kwenye video maneno yao yaandikwe chini, maana kuna wasiosikia pia. Mwite asiyeona aijaribu kazi kabla haijatoka, umkalie karibu, umsikilize bila kumkata. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo. Usinijibu kwamba ni wachache. Kule Mbau alikuwa mmoja tu.

Haya, nenda kafanye kazi. Mungu aiongoze mikono yako, akupe masikio ya kuwasikia wasiokufikia. Na siku wewe mwenyewe utakapotafutwa, mwanangu, jina lako lisikike mara ya kwanza tu linapoulizwa, na aliyekuzaa awe bado yuko mlangoni.