Gari la turbo la baba mdogo lilivyogoma kuchanganya, na harusi ya Nyangeta imekaribia

Wakuu, heshima kwenu.

Leo nimeona uzi wa jamaa analalamika gari lake la turbo akikanyaga mafuta linasita, nikacheka mwenyewe hadi mke wangu akaniuliza kulikoni. Ninachowasimulia nilikiona kwa macho yangu, sitaongeza chumvi. Kama kuna mtu wa Musoma wa miaka ile humu, atanisahihisha.

Jina la gari silitaji. Nawajua, mtaanza ligi ya gari gani bora na harusi mtaisahau.

Nianze na baba mdogo wangu, Mafuru. Miaka ile ya dhiki, sabuni kwa foleni na sukari kwa foleni, yeye alikuwa dereva wa lori la ushirika, akibeba pamba. Dizeli ilikuwa shida kwelikweli. Ikipatikana, ni chafu, ina maji, inabidi uichuje kwa kitambaa. Kwenye mteremko anaweka gia huru ili asipoteze hata tone. Lori likigoma, hakuna haja ya kuuliza, kosa ni la dizeli.

Basi ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, magari ya mtumba yakaanza kuingia, na mimi nikafungua kiduka changu cha spea pale mtaa wa Mukendo, Musoma mjini. Baba mdogo akauza ng'ombe, akauza na kiwanja, akanunua station wagon ya dizeli yenye turbo.

Wakuu, mtaa wake wote wa Kigera ulikuja kuliangalia. Akikanyaga mafuta linapiga mluzi kwa mbali, fiiii, halafu linakuvuta mgongo unagota kwenye siti. Mzee alikuwa anacheka peke yake barabarani.

Kwa msiojua, turbo ni kama feni. Inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inasukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Hapo ndipo nguvu inatoka.

Sasa, binti yake Nyangeta alikuwa amechumbiwa Butiama. Baba mdogo akatangaza mbele ya ukoo kwamba bibi harusi atapelekwa kanisani kwa gari la baba yake, na dereva ni baba yake. Hataki gari la kuazima, hataki la wakwe.

Ndipo gari likaanza vituko.

Likiwa limesimama linanguruma vizuri kabisa. Ukienda polepole mjini, hakuna shida. Ila ukikanyaga mafuta upite gari la mbele, au upande kilima, linasita. Linatetemeka, linatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, halafu linakuwa zito kama limefungwa mti nyuma. Mluzi haupo.

Unajua mtu aliyepita miaka ile anawaza nini kwanza? Dizeli!

Tukamwaga tanki lote. Tukachuja. Tukabadili fita ya dizeli. Wapi.

Tukasafisha nozo zinazopulizia dizeli. Wapi.

Baba mkubwa Magesa, kaka mkubwa wa baba mdogo, mvuvi wa Kiriba, akawa anakuja mjini kila akisikia gari limefunguliwa. Mzee ana sauti kubwa, mimi nampenda sana, lakini kwenye ushauri hachoki.

"Hiyo dizeli ina maji," anasema. "Mnakuwagaje nyie mnasahau haraka hivi? Chujeni tena."

Tunachuja tena.

Tukaenda Bunda, kuna fundi mmoja alikuwa anasifika. Akaendesha, akarudi anatikisa kichwa.

"Mzee, turbo imekufa. Tuing'oe, tuzibe, gari litembee kama magari mengine."

Baba mdogo akafunga boneti. Halafu akasema, "Ukiing'oa hiyo, umening'oa mimi." Tukaondoka. Nilimwonea huruma jamani, mtu mzima, anaendesha huku malori ya mizigo yanampita.

Habari zikafika Butiama, kama kawaida. Wakwe wakatuma mjumbe kwa heshima zote: wamesikia gari la mzee linakohoa, wao wana pikapu, wataileta imchukue binti.

Baba mdogo akamjibu mjumbe, "Waambie nashukuru. Waambie nakuja na gari langu." Mjumbe alipotoka, akaketi kwenye ngazi ya nyumba akashika kichwa. Wiki ya harusi ndiyo hiyo imeingia.

Nyangeta akatoka ndani. "Baba, mimi hata kwa mkokoteni nitaenda."

"Nyamaza, mwanangu," akasema. Lakini alitabasamu kidogo.

Jioni ile nikaja na air cleaner mpya, yaani fita ya hewa, kutoka dukani kwangu. Sikuwa na matumaini nayo, ila ndicho kitu pekee ambacho hatukuwa tumebadili. Kila fundi aliifungua, akaiona safi, akairudisha.

Nami nikaichomoa. Safi. Nyeupe pee.

Hapo ndipo nikashtuka, wakuu.

Mimi nauza hivi vitu. Wateja wanaonirudishia za zamani wanazileta nyekundu kwa vumbi, ukiigonga chini unakohoa. Na gari hili linakwenda Kiriba kila wiki, barabara ya vumbi tupu! Hii imekaaje nyeupe miezi yote? Vumbi linaishia wapi?

Nikamwambia, "Baba mdogo, hili gari halina shida ya dizeli. Halipumui."

Moshi mweusi ulikuwa unatuambia tangu mwanzo: mafuta yapo, hewa ya kuyachoma haipo. Sisi tumekazana na tanki tu.

Nikachomoa bomba linaloleta hewa kwenye boksi la air cleaner, nikaliacha linaning'inia. Nikamwambia, "Jaribu hivyohivyo, usifike mbali, lisije likala vumbi."

Alipokanyaga, gari liliruka! Fiiiii! Kuku wakatawanyika. Alizunguka Kigera akarudi anapiga honi, machozi yanamtoka, na majirani wametoka wote wanauliza nani kaolewa kabla ya siku.

Sasa tukalifuata lile bomba, na baba mkubwa Magesa, aliyekwisha kuja kwa ajili ya harusi, amesimama hapo anaangalia. Linapita ubavuni mwa injini, linaishia ndani ya madigadi ya mbele, mahali ambapo huwezi kuona bila kuifungua. Tukafungua.

Mdomo wa bomba umefungwa nyavu ya dagaa. Imekunjwa mara kadhaa, imekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, fundo safi la kivuvi. Na juu yake kuna uji uliokauka wa vumbi na vile vidudu vya ziwani, vile vinavyotoka ziwani kwa wingu zima hadi unafumba mdomo. Vimegandamana kama kitumbua kilichoungua. Gari likisimama, hewa kidogo inayopita pale inatosha. Turbo ikitaka kuvuta kwa nguvu, hakuna kitu.

Wote tukageuka kumwangalia baba mkubwa Magesa. Fundo lile nani asiyelijua?

Mzee wala hakutikisika. "Ndiyo, ni mimi. Siku mmelileta Kiriba tuliombee, vidudu vilikuwa vimejaa. Ningeliacha hivihivi gari jipya likale wadudu? Lile lori la ushirika si tuliliwekeaga?"

"Kaka, lile tulikuwa tunalikung'utaga kila Jumamosi!" baba mdogo akalia. "Sasa mbona hukusema?"

"Kwani mtu akikufungia mbuzi wako kamba asipotee, anatangaza?"

Tulicheka, wakuu. Baba mdogo alikaa chini kabisa kwenye vumbi, anacheka anampiga kaka yake mgongoni. Na kaka mtu anauliza kama nyavu yake atarudishiwa.

Siku ya harusi, baba mdogo alivaa suti, akashika usukani mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma na Nyangeta na shela lake. Pikapu ya wakwe ilitupokea njiani ituongoze. Tulipofika kilima cha kupandia Butiama, mzee akawasha indiketa, akakanyaga. Tukaipita pikapu kama imesimama, akina mama tuliowabeba wanapiga vigelegele madirishani.

"Baba, punguza, shela!" Nyangeta anapiga kelele huku anacheka.

Hakupunguza.

Mlangoni pa kanisa alimfungulia mlango, akamshika mkono, akamwambia, "Mama yako nilimchukua kwao kwa baiskeli ya kuazima. Wewe nimekuleta kwa gari langu." Mama mdogo, mke wake, alikuwa nyuma yao, akalia pale pale, na mimi nikajifanya nafuta kioo.

Somo nililobaki nalo: gari la turbo likisita unapokanyaga na moshi ni mweusi, usikimbilie tanki wala kung'oa turbo. Fuata njia ya hewa kuanzia mdomoni. Air cleaner ikiwa safi kupita kiasi, jiulize kwa nini. Na kabla ya kumwita fundi, uliza ndani ya ukoo nani alilishika gari mara ya mwisho kwa nia njema.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye turbo, na wenye baba wakubwa, semeni yaliyowakuta.