Mtoto Aliyeitwa Majina Yote

Kuna siku moja sijaisahau, mwanangu, na si kwa sababu ilikuwa nzuri. Ilikuwa alasiri, uwanja wetu hapa Paya umejaa watu, dada yako Regina bado mchanga, yumo mikononi mwa shangazi yangu, analia. Na sisi watu wazima na akili zetu tumemzunguka, tunamwitia majina ya marehemu.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Asubuhi umenipigia simu ukasema mtoto wenu analia hanyamazi, wakwe zako wanakuja Jumamosi kumtafutia jina, na mimi nije na wazee wa kwetu. Nikakujibu, mpeleke hospitali kwanza. Ukasema, "Mzee, watu watasema umeacha mila." Haya. Umekwenda, nashukuru, ingawa umekwenda umenuna. Foleni za hapo Busia nazijua, utakaa sana kwenye benchi. Ndiyo maana nakurekodia sauti hii uisikilize ukingoja. Weka simu mbali na mtoto, mimi nikiongea huwa napiga kelele.

Kwanza tuelewane: sijaacha mila yoyote. Sisi Wapadhola na wajomba zako Wasamia wa kule Buhehe hatuna tofauti katika jambo hili. Mtoto mchanga akilia kupita kiasi, huenda kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake likae tena nyumbani. Mzee anampakata mtoto, anaita jina moja, anangoja. Mtoto akinyamaza akashika titi, jina limepatikana. Wewe mwenyewe ulipatikana hivyo. Baba yangu alisema "Ochwo," ukafunga mdomo papo hapo. Mama yako anasema ulikuwa umechoka tu. Mimi sibishani na mama yako, wala sibishani na marehemu.

Sasa sikiliza nyumba ilivyokuwa. Kabla ya Regina mlikuwa wanne. Kaka yako Owor, wale mapacha Apio na Adongo, na wewe uliyekuwa ukizunguka uwanjani na shati bila suruali, ukifukuza kuku wa watu. Mama yenu alikuwa akiuza maharagwe Busia, leo upande huu wa mpaka, kesho upande wa Kenya, kutegemea bei iko wapi. Siku za soko mimi ndiye niliyewaosha, wote kwenye beseni moja, anayetangulia anapata maji safi, wa mwisho anapata matope. Kila asubuhi vita ilikuwa ni nani atangulie. Uji ukiiva, mmoja analia una moto, mwingine analia umepoa, na ni uji uleule wa sufuria moja! Watu wanaosema kulea watoto ni furaha tupu, sijui walilea wa nani.

Lakini mtu huzoea. Na hapo pa kuzoea ndipo ninapotaka unisikilize. Owor alipozaliwa, akipiga chafya tu mimi na mama yenu tulikuwa tayari barabarani tunatafuta wa kutupeleka hospitali. Mhudumu alituchoka. Mapacha walipokuja tukapunguza. Ulipokuja wewe, ukianguka tulikuwa tunaangalia kama damu inatoka, haitoki, tunaendelea kumenya mihogo. Wa tano alipozaliwa, nilijiona profesa wa vilio. Hiki ni cha njaa, hiki ni cha usingizi, hiki ni cha kutaka kubebwa. Nilikuwa naweza kusema hivyo nikiwa shambani, hata bila kugeuka.

Basi Regina akaanza kulia. Akalia mchana, akalia usiku. Nikasema, hiki sicho cha njaa, sicho cha usingizi. Kama sicho hiki wala kile, basi ni jina. Ona nilivyofika haraka.

Mama yenu alisema neno moja siku ya kwanza. Alisema, "Baba Owor, huyu mtoto hataki titi la upande huu. Nikimgeuzia huku analia zaidi." Shangazi yangu, yule aliyekuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa amekaa mlangoni, akadakia, "Si unaona? Ni dada yangu Nyafwono huyo. Hata yeye alikuwa anachagua chakula hivyohivyo." Watu wakacheka. Mama yenu hakucheka, lakini hakurudia.

Habari ikafika Buhehe, na kesho yake mama mkwe wangu akatua hapa na ndugu zake wawili na kuku. Unajua sisi na mama mkwe hatuketi pamoja, wala hatuangaliani. Kwa hiyo yeye alikaa kule nyuma ya jiko, mimi huku mbele, na maneno yakawa yanabebwa na watu katikati. Akatuma neno: mtoto ni wa kwao, ni marehemu mama yake, Taaka, na amemwona ndotoni. Shangazi akajibu kwa sauti, makusudi, wamsikie hadi jikoni, "Ndoto si hati ya shamba!"

Ndipo ikaanza ile alasiri. Shangazi anampakata mtoto, anaita, "Nyafwono! Wewe ni Nyafwono?" Mtoto anavuta pumzi ili alie vizuri, upande wetu unashangilia, "Amenyamaza! Ni yeye!" Pumzi ikishaingia, kilio kinarudi. Wanampeleka nyuma ya jiko. Huko tunasikia, "Taaka! Mama, ni wewe?" Kimya kidogo, vigelegele, halafu kilio tena. Analetwa mbele. Anapelekwa nyuma. Yakaisha majina ya wanawake, wakaanza ya wanaume. Waliitwa hadi watu ambao mimi mwenyewe sikuwajua, mmoja nikaambiwa alikufa kabla ya reli kufika Tororo. Mtungi wa pombe ya wimbi ulikuwa umeshawekwa katikati, wazee wanavuta mirija yao, wanatoa maoni kama watu walio kwenye mpira.

Na mimi? Mimi nilitaka upande wetu ushinde. Nakuambia kama lilivyo. Kile kilio sikukisikia tena kama kilio cha mtoto wangu, nilikisikia kama jibu la ndiyo au hapana.

Mama yangu, nyanya yenu, hakuwapo. Alikuwa Merikit akimuuguza dada yake. Yeye ndiye aliyejua majina ya ukoo wote, nani alizaa nani, nani hasemwi. Tulikuwa tumemtumia ujumbe, na kwa kweli kila mtu alikuwa anamngoja yeye, kwa sababu akisema yeye hakuna wa kubisha. Akaja na boda boda, vumbi mwili mzima. Watu wakasimama. Shangazi akampa mtoto kwa heshima, akasema, "Muulize wewe, sisi ametushinda."

Nyanya yenu hakuita jina lolote. Alimshika kwanza paji la uso kwa mgongo wa mkono. Halafu akamlaza begani upande mmoja, mtoto akalia. Akamhamishia bega la pili, mtoto akapiga yowe ambalo hata wale wa mirija waliinua vichwa. Akamvua kofia ya kichwani, akainusa. Akainama akanusa sikio. Kisha akagusa kwa kidole hapa mbele ya sikio, taratibu kabisa, na Regina akajikunja mwili wote.

Akaniita. "Njoo unuse mtoto wako."

Nikainama. Sikio lilikuwa linanuka usaha, mwanangu. Na nyuma ya sikio pamevimba, pamekuwa pekundu, pamesukuma sikio mbele. Kofia ya sufi tuliyomvika ndiyo iliyokuwa imepafunika.

Mama yangu hakuwa mtu wa makelele. Siku ile alipiga kelele mpaka majirani wakaja. "Mmekaa hapa mnauliza wafu! Wafu wanaumwa? Wafu wana homa? Huyu amelia kwa mdomo wake mwenyewe, amewaambia ni upande huu, na mama yake amewaambia ni upande huu, nanyi mnajibizana na jiko!" Akamgeukia shangazi. "Nyafwono nimemzika mimi. Namjua. Hawezi kumtesa mtoto apate jina." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, baba wa watoto watano. Wa kwanza ulikuwa unakimbia naye kwa chafya. Huyu amepungukiwa nini? Ni kwa sababu ni wa tano?"

Mama mkwe wangu alitoka nyuma ya jiko, akapita mbele yangu kabisa bila kujali mila wala nini, akavua leso yake akamfunga mama yenu mtoto mgongoni. Boda boda iliyomleta nyanya yenu haikuwa imeondoka. Tukapanda.

Kule Tororo hospitali, mhudumu alichukua kalamu akauliza, "Jina la mtoto?" Mama yenu akaniangalia. Nikasema bado hana. Nilidhani ataturudisha, unajua mtu akiwa na hofu anafikiri mambo ya kijinga. Akaandika "mtoto wa Nekesa," kwa kuwa Nekesa ni mama yenu, akaendelea na kazi. Jina lisilokuwapo halikumchelewesha hata kidogo. Daktari alipomwona alikunja uso. Akasema ugonjwa umetoka sikioni umeingia kwenye mfupa, na ukivuka hapo unakwenda kwenye ubongo. Akauliza mtoto ameanza kulia lini. Mama yenu akamjibu. Daktari hakutukana. Afadhali angetukana.

Tulilala hapo siku nyingi. Wakamchoma sindano, wakampasua nyuma ya sikio kutoa usaha. Kulikuwa na siku ambazo hakulia kabisa, na hizo ndizo zilizonitisha. Nilikaa pale nikimwomba Mungu alie. Mimi yule profesa wa vilio, nikingoja hata kimoja. Na huku shangazi ananipigia simu kutoka nyumbani, "Vipi, amenyamaza? Maana asubuhi nimemwita jina moja tulilolisahau!" Nilikata simu, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia.

Alipolia tena, alilia kwa njaa. Akashika titi, upande ule aliokuwa akiukataa. Mama yenu alilia kuliko mtoto. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na mabomba ya maji, nami nikalia. Muuguzi mmoja akapita akajifanya hakuniona.

Tuliporudi nyumbani nyanya yenu aliwakusanya watu walewale. Akasema, "Haya, sasa leteni majina yenu." Hakuna aliyetaka kuanza. Upande wetu wakasema mpeni la kwao, upande wa Buhehe wakasema hapana, mpeni la kwenu. Akawatazama, akacheka kidogo, akampa yote mawili; Regina likaja baadaye, la ubatizo. Ndiyo maana dada yako anaitwa Regina Nyafwono Taaka, na kila ofisi anayoingia, Uganda au Kenya, wanamlalamikia.

Na unajua kilichobaki. Lile sikio halikupona. Nyinyi mlikua mkijua tu kwamba Regina mtu humkalia upande wa kulia, mkawa mnagombania kiti hicho mezani, hamkuwahi kuniuliza kwa nini. Mimi naona kila siku. Majina yote yale tulimwitia, ya walio hai na waliokufa, na leo ukimwita kwa lolote kati ya hayo kutoka upande wa kushoto, hageuki.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na sitaizungusha. Mtoto akilia, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza. Mvue nguo umtazame mwili mzima, mguse, mnuse. Halafu muulize mama yake, na akikujibu usimkatishe, wala usimwache mtu mwingine amkatishe, hata akiwa shangazi yako. Huyo uliye naye hapo ni mtoto wako wa tatu. Umeshaanza kuwa mjuzi, nimekusikia kwenye simu, "Mzee, hawa huwa wanalia tu." Huyo hajawahi kuwa mtoto kabla ya sasa. Homa ya kaka yake si homa yake. Mkimbize kama ulivyomkimbiza yule wa kwanza, bila aibu, na mhudumu akikuchoka mwache akuchoke.

Jumamosi nitakuja. Nitakuja na wazee na kuku, na majina ninayo ya kutosha, nyanya yenu aliniachia yote kabla hajafa. Wakwe zako wakifika kabla yangu, wakaribishe, wape chai, waambie mtoto alikuwa kwa daktari, na baba yako ndiye aliyesema. Lawama waniwekee mimi. Marehemu wetu wamengoja miaka yote hiyo, Jumamosi si mbali kwao.

Mungu awe nawe hapo ulipokaa, mwanangu. Amshike mkono daktari atakayemgusa mjukuu wangu. Ampe mama yake usingizi, na wewe akupe sikio la kusikia hata mtoto wa kumi, ukifika huko. Na huyo mdogo, awe na jina lolote litakalompata, Mungu amjalie alisikie kwa masikio yote mawili.

Wakiwaita, ingieni. Usimalize kunisikiliza mimi.