Vitambaa Vyeupe Kwenye Ngano ya Kipwa

Sisi tuliokulia Annexe, pembezoni mwa mji, kabla nyumba hazijameza mashamba, tunaijua baridi ya kipwa, msimu ule usio na mvua. Asubuhi za mwezi wa saba ulikuwa ukifungua kinywa tu, mvuke unatoka kama kwenye sufuria ya bukari, ugali wetu. Sweta ilikuwa moja, huyu anaivaa asubuhi, yule jioni. Miguu ilitupasuka mpaka Mama anaipaka mawese, huku akisema, “Mutoto wa miguu ya mamba, nani atamuoa?” Watoto wa leo wakisikia upepo kidogo wanajifunika blanketi hadi kichwani, na simu inawaka humo ndani kama taa ya lori.

Mahindi yalikuwa kazi ya mvua. Mvua ikiisha, wazazi wenye vipande vya shamba kando ya kijito walipanda ngano, maana ngano inapenda baridi. Tuliinywesha kwa ndoo tukitoka shule, na maji yalikuwa makali hata vidole vilisahau kwamba ni vyetu. Ngano hiyo ilikuwa na adui ambaye wakubwa walimwogopa kuliko ndege: kutu. Ni unga wa rangi ya machungwa unaotoka juu ya majani. Upepo unauchukua, unaupeleka kwa jirani, na jirani wa jirani, mpaka masuke yanabaki maganda matupu.

Ndiyo maana kila Jumamosi, umande ukishakauka, sisi watoto tulifungwa vitambaa vyeupe magotini na kuambiwa tupite kati ya mistari ya ngano mpaka mwisho wa shamba. Baba yangu ndiye aliyeanzisha desturi hiyo. Kaka yangu Trésor alitembea mikono imekunjwa kifuani kama padri siku ya Pasaka, nami nyuma yake nikijizuia kucheka. Upande wa pili wamama waliinama kutazama magoti yetu. Kitambaa kikiwa safi, nendeni mkacheze. Kikiwa na rangi, wakubwa wanaingia wenyewe kutafuta ugonjwa umelala wapi.

Mwaka mmoja Baba alipanda ngano, halafu hakuiona ikitoa masuke. Homa ilimchukua baridi ikiwa bado haijaingia vizuri. Mama akalichukua shamba lile, hakutaka mtu mwingine alinyweshe. “Hii ni mikono ya baba yenu,” alituambia. “Njo kazi yake ya mwisho.” Kwa hiyo sisi hatukuwa na kaburi moja la kutembelea, tulikuwa na mawili, na hilo la pili lilikuwa linamea.

Sasa, ninyi mnalijua vumbi letu la kipwa. Malori ya madini yanapita, na vumbi jekundu linakaa juu ya mabati, juu ya nguo, hata kwenye chai. Vitambaa vyetu vilianza kutoka shambani vyekundu kila Jumamosi, na wamama wakazoea. Walitazama, wakasema, “Ni vumbi,” wakatuachilia.

Jumamosi moja Mama Mbuyi, mtu wa Kasai aliyelima chini ya shamba letu, kule upepo ulikokuwa unaelekea, alilishika goti langu, hakuliachia.

“Mama Trésor, hii haiko vumbi.”

“Njo vumbi,” Mama akajibu. “Malori inapita kila siku. Angalia hata sahani zako.”

“Sahani zangu ninaosha, inatoka. Leteni mayi.”

Akalowesha kitambaa, akapangusa jani moja karibu na barabara. Likawa kijani safi. Akashuka mpaka kwenye pembe ya kijito, pale Baba alipobananisha mbegu, akapangusa jani lingine. Vumbi likatoka, lakini chini yake vilibaki vidonda vidogo vilivyopasuka, kama midomo ya mgonjwa wa homa. Kidole chake kikabaki na rangi ya machungwa.

“Labda itapona,” Mama akasema. “Tupunguze mayi, jua iingie.”

“Labda. Lakini upepo haingoje labda, dada. Naogopa ju ya shamba yangu, na ya bale bengine kule chini. Sikulazimishe. Ngano ni yako na marehemu.”

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuna aliyemharakisha. Trésor ndiye aliyeuliza polepole kama Baba atakasirika.

Mama akamtazama magotini. “Baba yenu alifunga hivi vitambaa ju ya nini? Ju tuone, kisha tufunge macho?”

Akasimama, akachukua panga. Alikata pembe yote, akaendelea mpaka pale majani yalipoanza tu kuwa na madoadoa. Wamama walinyunyiza maji kwanza ili ule unga usiruke, wakaizika ngano palepale katika shimo, isiburutwe katikati ya mashamba ya watu. Jioni karibu nusu ya kazi ya Baba ilikuwa chini ya udongo. Mama hakulia. Aliosha mikono, akaiosha tena, akaendelea kuiosha hata ilipokuwa safi.

Mashamba ya chini yalipona. Wakati wa kuvuna, Mama Mbuyi hakukubali kugusa lake mpaka Mama afike. “Kata weye wa kwanza, dada. Hii ingekuwa majani tu.” Mama akakata konzi moja ya masuke, akaikumbatia kifuani. Hapo ndipo alipolia, na Mama Mbuyi akamshika mgongo.

Leo watoto wanaijua ngano ikiwa imeshakuwa mkate, imekatwa vipande, imo ndani ya sachet ya plastiki. Anayelima bado anapiga picha ya jani, anaituma kwenye simu, anangoja réseau, yaani mtandao, irudi. Sikatai, dawa zimekuwa nyingi na picha inafika mbali. Nami bado naota kupata kipande kando ya maji, nipande ngano yangu kipwa kikifika.

Lakini pale mashambani sasa kuna parseli, viwanja vya nyumba, na kila parseli ina ukuta wenye vipande vya chupa juu. Zamani tulijua hata jani la jirani likiumwa. Huyu ninayeishi naye ukuta kwa ukuta leo, namjua kwa mlio wa jenereta yake tu.