Dakika Ishirini za Kitanda cha Pili

Shughuli nzima ilinigharimu nywele za kichwa, siku moja ya mapumziko, na mama yangu. Nywele zimeota. Siku ya mapumziko nilifidiwa. Habari ya mama nitakuja kuieleza. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, kwa hiyo usianze kuniambia nilichezewa na joto la Doha. Ilikuwa saa nane mchana, kiyoyozi kinavuma, na mimi nilikuwa macho. Ushahidi upo, subiri.

Miaka ile viwanja vya mpira vilikuwa vinajengwa, nami nililinda ghala la vyuma kule Industrial Area, zamu ya usiku. Mchana nililala kambini, chumba cha watu wanane, simu nane, kila moja na mama mkwe anayefoka ndani yake. Ungelala wewe? Nikaanza kusinzia lindoni. Msimamizi akanikuta mara ya kwanza, akanikuta mara ya pili, kisha akaninyooshea vidole vitatu. Cha tatu ni tiketi ya ndege, ya kwenda tu. Na nyumbani nilikuwa na binti chuo cha uuguzi, mwaka wa kwanza.

Sista Njeri, Mkenya mwenzangu tunayesali naye kanisani Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya mapumziko, alikuwa fundi wa mitambo katika kituo cha kuchunguza usingizi, upande wa Abu Hamour. Akaniambia, "Kaka, wanatafuta watu wa zamu za usiku. Unakuja, unalala, unaenda zako. Ukionekana una shida, daktari anakuandikia barua ubadilishiwe zamu."

"Nalipwa?"

"Nauli."

"Na chakula?"

"Wewe kaka!"

"Na chai."

Nikapata nauli, chakula na chai.

Alinibandika waya kichwani kwa gundi nzito. Nilihesabu kumi na tisa, yeye akasema kumi na nane, tukarudia: kumi na tisa. Akanieleza kazi ya kompyuta. Inapokea mawimbi ya ubongo, inayakata vipande vya nusu dakika, na kila kipande inakipa rangi yenyewe, bila kumuuliza mtu. Njano, uko macho. Kijani, usingizi mwepesi. Buluu, usingizi mzito. Nyekundu, ndoto. Imejifunza kwa watu wengi waliolala pale kabla yangu.

"Hii huwezi kuipiga chenga," akasema, akazima taa, akafunga mlango.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, na cha pili nilikiona kitupu. Basi nimelala chali nikitazama dari, nikasikia mtu anajigeuza. Nikageuka. Mtu mzima, mwembamba, waya kichwani kama mimi, amevaa sare ya kahawia. Sare hiyo naijua. Ni ya kampuni yetu, ya zamani kabla sijafika. Kambini tunaipigia deki. Nikajiambia huyu ni mlinzi mkongwe, kaingizwa nilipofumba macho kidogo. Ungewaza nini kingine?

"Ndugu mlinzi," akasema kwa Kiswahili safi, "una ndoto?"

"Ninazo."

"Niuzie. Mimi zimeniishia."

Mtu akitamka neno niuzie, mdomo wangu hujibu kabla yangu.

"Kiasi gani?"

"Dakika thelathini, kila ulalapo."

"Kumi."

"Ishirini na tano, ndugu. Nina muda mrefu hapa."

"Unanipa nini?"

"Hutasinzia tena lindoni."

"Kumi na tano."

"Mgumu wewe! Ishirini, tusiongee tena."

Akanyoosha mkono, nikaushika. Ulikuwa baridi, lakini kwa kiyoyozi kile hata chai yangu ilikuwa baridi. Nikalala.

Njeri aliniamsha uso umemshuka. "Kaka, ulikuwa unaongea na nani?"

Akanionyesha kompyuta. Mwanzoni, vipande kumi na viwili vya njano mfululizo: dakika sita, niko macho kabisa. Huo ndio ushahidi niliokuahidi. Kisha kijani, kisha buluu. Kisha vipande vyeupe, arobaini. Kompyuta ilikataa kuvipa rangi. Mstari ulinyooka kama vile waya zimebandikwa mezani.

"Zilibanduka?" nikauliza.

"Zote kumi na tisa ziko hapo kichwani kwako."

Arobaini, kila kimoja nusu dakika. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilipiga mara mbili.

"Na yule wa kitanda cha pili?"

"Yupi? Kile hakijalaliwa wiki nzima."

Niamini, shuka haikuwa na mkunjo, na waya zake zilining'inia kwenye msumari. Lakini kisanduku chake cha kurekodi huwaka pamoja na changu, kwa hiyo Njeri akafungua rekodi yake. Tupu, tupu, tupu. Halafu vipande arobaini vyekundu.

"Ndoto," akanong'ona. "Safi kabisa." Kisha akasimama. "Kaka, ngoja nikutoe hii gundi uende."

Gundi haikutoka, ikabidi ninyolewe. Ndiyo zile nywele.

Barua ya daktari sikuihitaji. Tangu siku ile sijasinzia lindoni hata kope moja. Msimamizi ananitolea mfano kwa vijana wapya, mkataba umeongezwa mara tatu, na binti yangu juzi kanitumia picha amevaa sare nyeupe ya muuguzi. Kwa kweli ninaishi vizuri.

Ila hili. Mama alifariki nikiwa huku, sikuweza kwenda kumzika. Lakini karibu kila nilipolala alikuja ndotoni, ungo wa kunde mapajani, ananiambia nimekonda. Sikujua kwamba anakaa ndani ya zile dakika. Mimi ninayefungua kila dumu la mafuta nikanusa kabla ya kulipa, niliuza bila kuchungulia ndani! Tangu hapo hajaja. Nadhani yuko kitanda cha pili, anamwambia yule bwana amekonda. Na yule bwana, tuseme ukweli, alikuwa amekonda. Hilo hunifariji.

Basi wewe, mgeni akikuuliza bei ya kitu usichoweza kukishika mkononi, usitaje namba. Hata kwa mzaha.

Sasa Njeri amenipigia. Wameleta kompyuta mpya, wanawataka waliolala zamani warudi, chumba kile kile. Anataka jibu kesho. Naweza kwenda kuvunja biashara, lakini biashara ikivunjwa kila mtu anarudisha cha mwenzake, na usingizi wa lindoni utanirudia, nami mkataba umebaki miezi minane. Nyinyi mnaojua kununua na kuuza, nishaurini: nikamchukue mama sasa, au nimwombe anivumilie miezi minane, huku akimnenepesha yule bwana?