Mluzi wa Kumwita Mlembe

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kitanga, msichana hakupiga mluzi. Bibi, mama yake baba, alisema mluzi wa msichana huita msiba. Lakini mmoja niliujua: ule ambao baba alimwitia mlembe, ndege mdogo wa kijivu anayewaongoza watu penye asali. Baba alinifundisha porini, mbali na masikio ya Bibi. Sauti mbili fupi, moja ndefu, kisha unanyamaza kama mtu aliyebisha hodi.

Mlembe ana ujira wake. Ukishapakua asali, unamwachia kipande cha sega juu ya jani. Baba alifanya hivyo miaka yote, mpaka mwaka 2013 alipookoka. Siku moja alirudi na ndoo ya asali, na Bibi akamuuliza kama ndege amepata chake.

"Hapana, Mama. Kumwekea ndege chakula kwenye jani ni tambiko. Mambo hayo nimeyaacha."

"Tambiko gani? Ni chakula! Huko kanisani kwenu mtu akifanya kazi halipwi?"

Baba alicheka. Bibi hakucheka. "Utaona. Safari ijayo atakupeleka kwa nyoka."

Safari iliyofuata baba hakurudi. Kulipokucha wanaume walitawanyika porini wakimwita. Mimi na Bibi tulishika kijia cha mtoni. Aliita mpaka sauti ikamkauka, kisha akanishika bega.

"Piga."

"Nini, Bibi?"

"Usinifanye mjinga. Najua alikufundisha. Piga mluzi, mwana wanje, mwanangu, labda atakusikia."

Kwanza ilitoka hewa tupu. Nikalamba midomo, nikapiga. Mbili fupi, moja ndefu, kimya. Nilimngoja baba. Akaja mlembe.

Alitua tawini akilia kwa ile kelele yake ya kiberiti kinachotikiswa, akarukia mti wa mbele, akatusubiri. Bibi aliokota jiwe. "Muuaji!" Nilimshika mkono. Hatukuwa na pengine pa kwenda. Tukamfuata ndege, Bibi akilia na kumtukana, akijikwaa na kumtukana tena.

Tulimkuta baba chini ya mti mkubwa, mguu umevimba kama gogo. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, "kifutu." Ni yule nyoka mvivu anayelala kwenye majani wala hamkimbii mtu.

Nilipiga mayowe, wanaume wakaja. Walimlaza kwenye ingobyi, machela yetu ya matete, wakakimbia naye mpaka zahanati. Dawa ya sumu ya nyoka haikuwepo. Wakampakia kwenye pikipiki kuelekea Kasulu mjini, baba amebanwa katikati ya watu wawili, na mvua ilikuwa imeila barabara. Hakufika.

Tangu hapo Bibi aliamini kwamba kinywa chake ndicho kilichomuua mwanawe. Asali hakuionja tena.

Miaka ilipita, nikiwa chuoni nikasoma habari za watafiti wanaomchunguza mlembe. Wanasema huyu ndege huujua mwito wa watu wa mahali pake. Wanasema tumbo lake linasaga nta, kitu kinachowashinda karibu wanyama wote. Na dalili za kisasi hawakuziona: akimfikisha mtu penye nyoka, amekosea tu, au nyoka alikuwa njiani. Hapo nikakumbuka kitu. Juu ya kichwa cha baba, katika tundu la mti ule, nyuki walikuwa wakivuma. Mlembe hakudanganya. Alimpeleka baba kwenye asali, na kesho yake akatupeleka sisi kwenye asali ileile.

Likizo nilimweleza Bibi akiwa anachambua maharage. Nilidhani nimembebea nafuu.

"Kwa hiyo hakumwadhibu?"

"Hapana, Bibi. Wala si maneno yako."

"Basi kwa nini alikufa?"

"Alikanyaga nyoka."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Hata siku ya mazishi hakulia vile. Nilikuwa nimemwondolea hatia, na pamoja nayo nimemwondolea sababu. Miaka yote hiyo alikuwa na wa kumlaumu, hata kama ni yeye mwenyewe. Sasa alibaki na unyayo mmoja uliokanyaga pabaya, na jambo hilo halina wa kulilipia.

Alipotulia alisema, "Hebu piga ule mluzi."

Nilipiga, palepale uani. Tukangoja. Siku hizi kwetu watu hununua sukari, na asipoitwa, ndege naye huacha kuja. Miti ilikaa kimya.

"Piga tena," Bibi alisema, na nikapiga.