Mkono Niliofunga Bandeji Arusini

Wallahi hii nikiisimulia uso wapata moto mpaka leo, lakini kwa kuwa mmeshaanza kucheka, basi nicheke nanyi.

Damu yangu ina upungufu wa chembe nyeupe, wale askari wa mwili, na si upungufu wa juzi, ni wa miaka. Najidunga sindano za kuziongeza, na daktari hunipima mara kwa mara asije akakuta uboho wenyewe, ule wa mifupani unaozizalisha, umeharibika. Amri zake ni kwamba nisishikane mikono ovyo na watu, na homa ikinigusa, hata kidogo, nikimbilie hospitali.

Sasa ikaja arusi ya binti wa shangazi yangu, Msambweni. Nyinyi mwajua kwetu mwanamke akiingia arusini asimpe mkono kila mama aliyeketi mkekani, neno limeshapita, anaringa. Kueleza maradhi niliona haya (ukishataja damu, watu humalizia hadithi wenyewe), nikaona akili ni kuufunga bandeji mkono wa kulia, nikiulizwa niseme nimeungua na mafuta nikikaanga viazi vya karai.

"Pole, mwanangu, hebu tuone," akasema Shangazi Mwanakombo, na kabla sijajibu keshaifungua bandeji, yuaitisha asali anipake. Mkono laini, hauna hata alama.

"Umeungua wapi?"

"Ndani," nikasema. (Ndiyo, nilisema ndani.)

Wakatazamana. Bibi mmoja akaamua kwamba moto usioacha alama ni kijicho, nisomewe. Basi mkono niliounyima salamu ukapita kwa kina mama wote wa mkekani, kila mmoja akiukamata kwa mikono miwili, akisoma na kuutemea vijimate vya baraka, nami naitikia amina huku nahesabu mikono.

Haikupita siku nyingi homa ikapanda usiku, nikakimbilia hospitali. Nililazwa, nikatiwa dripu, na hapo niliogopa kweli, maana daktari alinambia wazi kwamba ningengoja asubuhi wangenizika. Shangazi alipokuja na uji, mkono keshaunyoosha, nesi akamzuia, akamweleza yote mbele ya wodi nzima.

Shangazi akauweka uji chini. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa twakuombea uzima huku twakuua. Ungelisema, mwanangu, ningelikusalimu kwa mbali. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nililia kama mtoto. Siku hizi kila arusi yeye hunitangulia mlangoni, akitangaza kwa sauti ya kuuza samaki, "Huyu hapewi mkono, damu yake haina askari." Haya naona, tena sana, lakini nimeapa sitamnyamazisha.