Fyuzi Mkononi mwa Susu

Fundi wetu wa AC hapa Sultan Hamud hafungui boksi kabla ya kuchomoa fyuzi ukutani na kuitia mfukoni mwa shati. Kisha anaupapasa mfuko huo kila mara, kama mtu aliyebeba yai. Anaongea kwa sauti ya chini, na kidole gumba chake kina kovu la siku ambayo mwenye nyumba fulani aliwasha umeme yeye akiwa bado ameshika waya. Tangu hapo hamwamini mtu. Juzi alikuja kwetu, mfuko umetoboka. Alitutazama mmoja mmoja, akatupita sote, akaiweka fyuzi kiganjani mwa nyanya yangu.

"Susu, shika hii. Usipee mtu."

Susu akafunga ngumi. Fundi akapuliza sisimizi waliokufia ndani ya swichi, akabadilisha kapasita iliyovimba, huku akiimba pambio la kanisani. Sikuwahi kumsikia akiimba kazini. Chai ilipoletwa, Susu aliikataa. "Niko kazi," akasema. Hatimaye fundi akaja kuomba fyuzi yake, lakini ngumi haikufunguka.

"Kwanza nionyeshe mikono. Yote mbili."

Fundi akainyoosha mbele yake, kama mtoto aliyetoka kunawa.